Mtoto haharishi, hatapiki, lakini harefuki

Wadau, samahani kwa ukimya. Kuna walioniuliza mbona nimepotea hapa bloguni, nimeoa au nimefukuzwa kazi. Hakuna kati ya hayo. Nilikuwa na deni, na kila nikikaa kuandika jambo jingine lile deni linanikodolea macho. Leo nimeamua kulilipa. Ni refu kidogo, kwa hiyo chukua chai yako ukae.

Ilikuwa Desemba 2023. Si mnajua sisi watu wa kaskazini, ikifika wiki ya Krismasi kila mtu anatafuta gari la kurudi nyumbani. Mimi nyumbani si mbali. Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi unapita Tengeru, unapita Usa River, unapita Maji ya Chai, halafu Kikatiti hiyo hapo. Hiace inakushusha kando ya lami, vumbi linakupokea, na Mlima Meru unakuwa umeuacha nyuma ya mgongo.

Dada yangu ana mtoto wa kiume, wakati ule alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Mpwa wangu wa kwanza. Mchangamfu, anacheka na kila mtu, anakimbiza kuku uwanjani. Lakini mdogo! Nilidhani labda mimi sina uzoefu na watoto. Mama akaniambia kwa sauti ya chini tukiwa jikoni, "Hata kliniki wanasema harefuki."

Nikaomba kadi. Uandishi wa habari una ugonjwa huu, ukiona karatasi unataka kuisoma. Mtoto alipozaliwa uzito ulikuwa mzuri. Miezi mitatu, minne, mstari unapanda vizuri. Kuanzia mwezi wa saba hivi unaanza kulala. Haushuki, unalala tu kama mtu aliyechoka. Urefu, sentimita 74. Baadaye nilikuja kujua kwamba mtoto wa kiume wa umri ule kwa wastani anakuwa na kama sentimita 80.

"Dada, huyu mnamlisha nini?" nikauliza.

Akanitajia. Uji wa asubuhi. Ndizi za kuponda na maziwa. Mchana anaonja loshoro ya wakubwa. Yai likipatikana. Maziwa ya mama bado ananyonya.

Mimi na elimu yangu ya mjini nikatikisa kichwa. Nikamwambia, "Dada, huyu hali. Mnampa uji mtupu halafu mnasema amekula. Tatizo la kina mama wa huku ni elimu." Nikaongeza na maneno mengine ambayo siyarudii hapa. Dada hakujibu. Alimchukua mtoto mgongoni akaenda kuchota maji.

Ingeishia hapo ingekuwa afadhali. Januari niliandika makala gazetini kuhusu udumavu. Takwimu zilikuwa sahihi. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42, na 2015/16 asilimia 34. Tumepiga hatua, ila bado ni watoto watatu katika kila kumi. Hadi hapo sina la kujutia. Lakini makala inahitaji mtu, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nikamweka "mama mmoja mkazi wa Kikatiti" ambaye mwanawe amedumaa "kwa kukosa elimu ya lishe". Jina sikuandika. Nilidhani nimemsitiri.

Jamani, Kikatiti ni pale pale. Nani asiyejua kwamba kaka yake fulani ni mwandishi, na kwamba alikuja Krismasi, na kwamba mtoto wa fulani harefuki? Gazeti lilifika, likapigwa picha, likazunguka kwenye makundi ya simu. Mtu mmoja akamsomea dada yangu makala ile kwa sauti wakiwa kwenye foleni ya kliniki. Mama ndiye aliyenieleza. Dada mwenyewe hakunipigia. Hakupokea simu zangu hadi Machi.

Sasa twende kwenye sababu ya kuandika haya.

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari, siku hizi yuko kwenye mambo ya utafiti pale Nelson Mandela, Tengeru. Aliisoma ile makala akaniambia tuonane. Tukakaa kibandani, chai na maandazi, nikawa nasubiri sifa. Swali lake la kwanza likawa, "Huyu mtoto huwa anaharisha?"

Nikasema hapana. Haharishi, hatapiki, hana homa.

"Uji wake uliupima?"

Uji wa mtoto nimeupima wapi mimi?

"Kwa hiyo uliandika kwamba hali bila kujua anakula kiasi gani. Na tumboni mwake kunaendaje, uliuliza?"

Nikanyamaza. Yeye akaanza kunieleza. Mengine nimekwenda kuyasoma mwenyewe baadaye, kwa sababu safari hii sikutaka kuandika kwa kusikia. Nitajaribu kuyaweka kwa Kiswahili cha kawaida.

Ukuta wa utumbo mwembamba, ule unaotenganisha uchafu wa ndani ya utumbo na damu yako, una unene wa safu moja tu ya seli. Moja! Na seli hizo zinakufa na kuzaliwa upya kila siku tatu hadi tano. Juu yake kuna ute unaoteleza, na ukuta wenyewe umejaa vinundu virefu vidogo sana, vimesimama kama nyuzi za taulo. Kazi ya nyuzi hizo ni kuongeza eneo la kunyonya chakula. Taulo likiwa zima linanyonya vizuri. Likichakaa likabaki uwanda mtupu, unaweza kulimwagia maji ndoo nzima, mengi yatapita.

Upande wa pili kuna bakteria. Wengi wao si adui, tunaishi nao. Lakini bakteria wengi wanaoogelea, wa heri na wa shari, wana mkia mrefu wanaouzungusha kama propela ya boti. Mkia huo umejengwa kwa maelfu ya vipande vya protini moja, vimepangwa kama matofali. Protini hiyo inaitwa flajelini.

Mwili umejifunza kuitambua flajelini. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli zetu zina kipokezi maalumu cha protini hiyo, kinaitwa TLR5. Ni cha ukoo wa vipokezi ambao hadithi yake ilianza na nzi. Mfaransa Jules Hoffmann alichunguza jinsi nzi anavyojikinga na vimelea, na Mmarekani Bruce Beutler akaonyesha kitu cha aina hiyo kwa panya. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kipokezi hiki kimelenga kipande kile cha flajelini ambacho bakteria hawezi kukibadilisha hovyo, maana akikibadilisha mkia haufanyi kazi. Wapo wajanja wachache waliofanikiwa, kwa mfano yule bakteria wa vidonda vya tumbo, *Helicobacter pylori*, ambaye flajelini yake inapita bila kutambuliwa vizuri.

Sasa sikiliza sehemu iliyonifanya niache chai ipoe.

Hicho kipokezi, kwenye seli za utumbo, kwa sehemu kubwa hakijawekwa upande wa nje unaotazama uchafu. Kimewekwa upande wa ndani, unaotazama mwilini. Rafiki yangu alinipa mfano wa walinzi wetu wa Arusha. Ukimweka Mmasai mlinzi nje ya geti akamate kila mpita njia, hatalala, na wewe hutalala, maana barabarani watu hawaishi. Kwa hiyo unamweka ndani ya ua. Anayepita barabarani na apite. Lakini akiona mtu ambaye hakufunguliwa geti yuko ndani ya ua, anapiga filimbi.

Hivyo ndivyo utumbo unavyofanya. Flajelini ikibaki upande wa barabarani, amani. Ikivuka ukuta ikaonekana upande wa ndani, filimbi inalia. Seli inatoa kemikali za kuita msaada, mojawapo ni interlukini-8, na chembe nyeupe za damu zinakuja mbio. Zikifika zinapambana. Wataalamu wanaita hali hii mchochota. Wewe unaijua, ni ile ya kidole kilichochomwa na mwiba kinavyovimba, kinavyopata moto na kuuma. Mwiba ukitoka kidole kinapona.

Na kama mwiba hautoki? Kama kila siku unaingia mwiba mpya?

Mpwa wangu alianza kutambaa akiwa na miezi saba. Kumbuka mstari wa kadi ulianza kulala mwezi gani. Anatambaa kwenye uwanja wa udongo ambao kuku wanazurura, mbwa analala, na ng'ombe anapitishwa asubuhi. Anashika, anatia mdomoni. Mtoto gani hatii vitu mdomoni? Kila siku anameza bakteria kidogo. Si wengi wa kumletea kuharisha, ila wanatosha kuifanya filimbi isinyamaze. Mchochota ukidumu, maungio ya seli na seli yanalegea. Yakilegea, protini nyingi zaidi za bakteria zinavuka. Zikivuka, filimbi inalia zaidi. Wezi wanapita kwenye ule ule ukuta uliobomolewa na walinzi walipokuwa wakikimbizana nao.

Wakati huo taulo linachakaa. Chakula kinaingia lakini hakinyonywi chote. Na kile kinachonyonywa, sehemu yake inakwenda kulipa gharama za vita. Si hivyo tu. Mchochota ukisambaa mwilini unapunguza homoni ya ukuaji inayotengenezwa kwenye ini, inaitwa IGF-1, ile inayoiambia mifupa irefuke. Mwili unafanya kama familia iliyo kwenye kesi mahakamani, ujenzi wa nyumba unasimama kwanza.

Na nje huoni kitu. Mtoto anacheka. Anakimbiza kuku.

Hapa nikakumbuka meno. Sisi tuliokulia ukanda huu, kuanzia Maji ya Chai kuja huku, tunatambuana kwa meno ya kahawia. Ni floraidi kwenye maji, mlima wetu ni volkano na maji yake yamebeba madini hayo. Hadi kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kipo, pale Ngurdoto. Kwa hiyo sisi tunajua kabisa kwamba maji yanaweza kumwandika mtu alama ya maisha. Ila ile ya meno inaonekana ukicheka. Hii ya utumbo hakuna anayeiona, na kwa kuwa haionekani lawama tunamtwika mama.

Unaweza kusema hizi ni nadharia za wazungu kuhusu panya. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini ushahidi upo hapa hapa kwetu.

Mwaka 2016 Christine McDonald, Profesa Karim Manji wa Muhimbili, Christopher Duggan na wenzao walichapisha utafiti wa watoto wachanga mia kadhaa wa Dar es Salaam. Walipima kwenye damu kingamwili dhidi ya flajelini, na dhidi ya kitu kingine cha kwenye ngozi ya bakteria ambacho si protini. Maana kama damu ya mtoto ina kingamwili nyingi dhidi ya mkia wa bakteria, ni ishara kwamba mkia umekuwa ukivuka ukuta. Walichokuta ni kwamba kingamwili hizo zikiwa juu zinahusiana na kudorora kwa ukuaji. Na hawa ni watoto wa Dar, tena wadogo kabisa.

Halafu kuna Haydom. Wazee bado wanasema Haydom ni Arusha, na walikuwa sahihi hadi 2002 Mkoa wa Manyara ulipozaliwa. Kuanzia 2009 hospitali ya Kilutheri ya pale ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti ulioitwa MAL-ED, pamoja na Bangladesh, Brazil, India, Nepal, Pakistan, Peru na Afrika Kusini. Watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na choo chao kilipimwa hata siku ambazo hawaumwi. Na siku hizo hizo ambazo mama angekuambia mtoto mzima, vimelea walikuwemo, wengi tu. Mmoja wao ni aina ya *E. coli* anayejishikiza kwenye utumbo kama matofali yaliyopangwa. Watoto waliokuwa naye mara kwa mara, hata bila kuharisha, walibaki nyuma kwa urefu. Na flajelini ya bakteria huyo ilikuwa imeshaonyeshwa kwenye maabara mwaka 2000 kwamba inazifanya seli za utumbo zitoe ile interlukini-8. Filimbi ile ile!

Na wale wanaopenda kusema "kabila fulani wafupi tu", wasome habari ya vijana wa Kimarekani wa Peace Corps miaka ya 1960. Walikwenda Pakistan wakiwa na matumbo mazima, wakaishi kule, na nyuzi za utumbo zikachakaa kama za wenyeji. Waliporudi kwao, matumbo yakarudi hali yake. Damu yao haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali walipokuwa wanakula na kunywa.

Mpaka hapa nilikuwa nimeanza kuandika kichwani makala mpya, "Suluhisho ni usafi, kina mama osheni mikono!" Yaani nilikuwa naenda kumvua dada yangu lawama ya uji ili nimvishe ya sabuni. Rafiki yangu alinikatisha.

Kwa sababu hilo nalo limejaribiwa. Magharibi mwa Kenya, Bungoma, Kakamega na Vihiga, kulifanyika jaribio kubwa lililohusisha kina mama zaidi ya elfu nane. Baadhi ya kaya walipewa dawa ya kutibu maji, wengine vyoo vilivyoboreshwa, wengine vifaa vya kunawa mikono, wengine vyote pamoja. Matokeo yalitoka 2018. Huduma hizo za maji na usafi, bila nyongeza ya lishe, hazikuwafanya watoto warefuke zaidi. Waliopewa nyongeza ya lishe waliongezeka kidogo. Huko Haydom nako wakajaribu dawa. Watoto zaidi ya 1,100 waliingizwa kwenye jaribio la kuua vimelea kwa dozi za vipindi pamoja na aina ya vitamini, na matokeo ya 2021 yakasema urefu haukubadilika.

Nilivunjika moyo. Nikamuuliza, sasa tufanye nini? Akasema, na mimi nimekuja kukubaliana naye, kwamba majaribio yale hayakuonyesha kuwa uchafu hauna madhara. Yalionyesha kwamba ndoo ya kunawia na chupa ya klorini ni vitu vidogo mno mbele ya uwanja mzima wa udongo wenye kuku. Mama ananawa mikono vizuri kabisa, halafu anamweka mtoto chini. Amweke wapi? Watafiti walioketi kwenye boma za vijijini Zimbabwe wakawaangalia watoto wachanga kwa saa kadhaa, waliona baadhi yao wakila udongo, wengine kinyesi cha kuku. Mama alikuwa pale pale, anafanya kazi za watu watatu.

Sasa linganisha na mimi. Nyumba ninayopanga mjini ina sakafu ya marumaru na bomba ndani. Nikipata mtoto akikua vizuri nitasema ni kwa sababu nimesoma. Nitakuwa nadanganya. Itakuwa ni sakafu.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi chakula si kitu. Chakula ni kitu kikubwa, na mtoto ambaye hali hatakua hata utumbo wake uwe wa dhahabu. Maji yachemsheni, mikono tunawe, kliniki tuende, na mtoto asiyekua apelekwe akapimwe, maana zipo sababu nyingine nyingi na mimi si daktari. Ninachosema ni kwamba kati ya mdomo wa mtoto na kadi ya kliniki kuna safari ndefu, na mama ana mamlaka kwenye sehemu ndogo tu ya safari hiyo. Sehemu iliyobaki ni ya bomba ambalo halijafika, ya sakafu ambayo haijapigwa saruji, na ya sisi tunaopanga bajeti na tunaoandika habari za wanaopanga bajeti.

Machi dada alipokea simu. Nikaomba nije. Jumamosi nikapanda hiace, safari hii mikono mitupu kwa sababu sikujua unabeba nini ukienda kuomba radhi.

Nilimkuta anapepeta mahindi. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamweleza yote, mlinzi, filimbi, taulo, Dar, Haydom. Nilikuwa nimejiandaa kama naenda kufundisha semina. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipomaliza akasema:

"Kwa hiyo mtoto wangu alikuwa anakula."

"Alikuwa anakula, dada."

"Mimi nilikuwa najua anakula." Akaendelea kupepeta. "Nilikuwa nampa mimi."

Sikuwa na la kusema. Nikamwambia samahani. Nikamwambia pia nitaandika kusahihisha. Akauliza nitaandika wapi, gazetini? Nikasema gazetini nimeomba nafasi, wameniambia habari ile imeshapita. Ndiyo hivyo, habari ya kumlaumu mtu hupata ukurasa haraka kuliko ya kumwomba radhi. Basi nikasema nitaandika kwangu, bloguni. Akacheka kidogo. "Huko nani anasoma?" Wadau, mmesikia mnavyosemwa.

Halafu akasimama, akajipangusa pumba, akanionyesha chumba cha mbele. Sakafu ya udongo, imefagiwa, imenyunyiziwa maji kutuliza vumbi.

"Mjomba," akaniita hivyo, kwa cheo changu kwa mtoto, "hayo mambo ya mikia mimi sitayakumbuka yote. Lakini kama umesema ni hapa chini, basi leta saruji."

Nilileta. Mifuko, kokoto na mchanga, na fundi wa pale pale jirani. Shemeji akajenga uzio wa mabanzi kuwatenga kuku, na banda lao likahamishiwa nyuma ya mgomba wa mwisho. Nilisoma kwamba Mexico serikali ilianza kuwapigia watu maskini sakafu za saruji mwaka 2000, na uchunguzi wa baadaye ukaonyesha watoto walipungukiwa minyoo, kuharisha na upungufu wa damu. Kuhusu urefu sina cha kuwaahidi. Hata dada sikumwahidi. Chumba kimoja chenye saruji ndani ya kijiji kizima cha udongo ni kama kufunga dirisha moja wakati wa vumbi.

Mpwa wangu ameendelea kukua kwa mwendo wake. Nilipokwenda mara ya mwisho alikuwa anasukuma kigari cha makopo juu ya ile sakafu mpya, kinapiga kelele kuliko pikipiki. Bado mdogo kuliko wenzake. Kadi yake dada anaiweka kabatini, na safari hii sikuiomba.

Huyo "mama mmoja mkazi wa Kikatiti" niliyemwandika Januari 2024 hakukosa elimu ya lishe. Aliyekosa elimu ni mwandishi. Uliyeisoma makala ile, tafadhali ifute kichwani uweke hii. Na wewe uliyemsomea kwenye foleni ya kliniki, kama unapita hapa, msomee na hii pia. Kwa sauti ile ile.

Siku njema.